Siku za Kalondu Ziliporudi

Dada yangu Kalondu alikuwa mkaidi tangu tukiwa wasichana. Mimi Nthenya, mdogo wake, nina hasira za karibu. Kwa hiyo atakayenisikia nikiwasema watu wa Matinyani asishangae. Wengine wao nawapenda, na nitawasema hivyo hivyo.

Siku za Kalondu hazikuwahi kuwa na mpango. Wenzake waliona mwezi kila mwezi. Yeye alikaa miezi mitatu au minne bila kitu, halafu damu ikaja kwa fujo na kumlaza hata wiki mbili. Mama alisema ana damu nzito. Shangazi alisema ni baridi ya kuchota maji alfajiri. Hakuna aliyetaja hospitali, kwa sababu hospitali ilikuwa ya mtu aliyevunjika mguu au anayetapika. Hili la Kalondu halikuhesabiwa ugonjwa, lilikuwa aibu tu ya kike, na aibu haipelekwi kwa daktari.

Akaolewa Matinyani na Mutunga, mkulima mpole na mzee wa kanisa. Hakushika mimba. Miaka ikaenda, na kila mara siku zilipochelewa alifikiri ni mtoto, kisha damu ikamsuta. Sijui alidanganyika mara ngapi, maana baadaye aliacha kuniambia. Alipokaribia miaka hamsini zikakata kabisa. Mwaka ukapita bila hata doa, na mwingine. "Sasa nimepumzika," aliniambia, na sura yake haikuwa ya mtu aliyepumzika.

Nyumba isiyo na mtoto ilimnyima usingizi. Kwetu Ukambani kuna njia ya zamani. Mwanamke asiyezaa huweza kuoa msichana, yeye mwenyewe, kwa mbuzi wake mwenyewe, na watoto wa msichana huyo huwa watoto wa nyumba yake. Hubeba jina lake na kurithi shamba lake. Mke huyo tunamwita iweto. Kalondu alikuwa amempata wake, Mbinya, binti mtulivu wa Ikutha. Mbuzi walipelekwa, wazee wakala na kukubaliana, ikabaki kungoja mbaazi zivunwe ndipo Mbinya ahamie. Wiki hizo dada yangu alikuwa mtu mwingine. Alimjengea msichana jiko lake, akamnunulia sufuria, na akaanza kubishana na Mutunga kuhusu mtoto wa kwanza ataitwa nani.

Kanisa lilinuna. Iweto ni mambo ya giza, walisema, na mke wa mzee wa kanisa hafai kuonekana akiyafanya. Aliyesema zaidi alikuwa Mama Musyoka, kiongozi wa akina mama, mwanamke mwenye watoto wengi na ushauri mwingi kuliko watoto. Kalondu alimsikiliza kwa adabu na kuendelea kukandika jiko. Laiti angeendelea tu.

Ndipo damu ikarudi. Asubuhi moja, akipepeta mtama, aliiona. Mimi sikuwa karibu, nilikuwa Kiboko, kule mume wangu alikofanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Aliyekuwa karibu ni Mama Musyoka, na ndiye aliyeambiwa.

"Hiyo si kitu ya kuogopa," Mama Musyoka alimwambia, kama dada yangu mwenyewe alivyonisimulia. "Bwana amekufungulia tumbo. Wewe huoni? Umeleta iweto, Yeye amekuonyesha njia yake. Sasa utaleta msichana wa watu hapa afanye nini?"

Akapiga magoti pale pale jikoni. Tangu siku hiyo akina mama walikuwa wakija kila Jumatano kufunga na kuomba. Walimwekea Kalondu mikono tumboni na kumtajia wanawake wa kwenye Maandiko waliozaa uzeeni. Nao hawakuwa waongo. Waliamini kweli, na wengine walilia kwa furaha wakirudi kwao. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba hata mtu wa kumchukia vizuri sina.

Kalondu akaamini, na Mutunga akatuma watu Ikutha kusema neno la iweto limevunjika. Mbuzi hawakurudi, maana anayevunja ndiye anayepoteza, na Mbinya akabaki kwa mama yake. Jiko lile jipya likawa la kuwekea kuni.

Kuna mwanamke mmoja tu, jirani, aliyemwambia Kalondu aende akapimwe. Wengine wakamkatiza. Hospitali wataosha tumbo, walisema, na mtoto ataenda na maji. Baada ya hapo dada yangu asingeenda hospitali hata kwa kuburutwa.

Habari zilinifikia Kiboko kupitia mfanyabiashara wa mbuzi: dada yako ana neema, Bwana amemkumbuka. Nilifurahi. Nilijua umri wake, na bado nilifurahi, nikashona shuka dogo la mtoto. Mtu aliyemwona dada yake akingoja miaka yote ile hana akili ya kuuliza maswali. Mvua ndefu zilipoisha nikapanda Matinyani kwenda kuona tumbo.

Tumbo halikuwepo. Nilimkuta Kalondu amekaa kivulini kando ya nyumba, amekonda mpaka pete inazunguka kidoleni, amejifunga leso tatu katika jua lile. Alinikaribisha, akaniita mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, kama tulivyoitana siku zote, lakini hakuinuka. Nilipoingia ndani kutafuta kikombe nikaona kamba imeanikwa vitambaa. Nilizitambua zile rangi. Alikuwa amechana leso zake zote nzuri, hata ile ya harusi yangu niliyompa mimi.

Nikatoka nje. "Kalondu, damu inatoka tangu lini?"

"Tangu kabla ya mbaazi."

"Na haijakatika?"

"Inakatika, inarudi. Mimi si ndio nilikuwa hivyo tangu zamani? Siku zangu hazijui kalenda."

"Siku zako zilikwisha. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Zilirudi," alisema, na akaweka mkono tumboni kama mtu anayemfunika mtoto baridi. "Usiseme hospitali, Nthenya. Kama ni hospitali, rudi Kiboko."

Sikurudi. Nilimfuata Mutunga shambani na kumsema mbele ya ng'ombe wake. "Shemeji, huyu mtu anakufa. Mnaona vitambaa vile kila siku, mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunangoja Bwana," alisema polepole.

"Bwana alikwambia usimpeleke hospitali?"

Akaacha jembe pale mtaroni na kwenda sokoni kutafuta mtu mwenye pikapu. Nampa sifa hiyo. Kalondu alipokataa kupanda, yeye ndiye aliyembeba, na alipomwinua niliona alivyoshtuka kwa wepesi wake. Ni hapo tu, nadhani, alipoelewa.

Tulimpeleka hospitali ya misheni, Mutomo, kwa sababu tulisikia yuko daktari mwanamke. Alikuwa mzungu wa makamo aliyekaa kwetu hadi Kikamba chake kikawa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alimpima Kalondu taratibu, akanawa mikono, akavuta kiti na kukaa karibu na kitanda.

"Damu ilikwisha kabisa kwa muda gani kabla ya kurudi?"

"Miaka miwili," nikajibu mimi.

"Nisikilizeni. Mwanamke wa umri huu siku zake zikianza kuruka-ruka, hilo ni kawaida. Lakini zikishakatika mwaka mzima halafu damu irudi, hata tone moja, anakuja hapa mara moja. Mara nyingi huwa ni kitu kidogo. Lakini lazima aje, kwa sababu mara nyingine ni hiki." Akasema neno saratani. Ilikuwa ndani ya kizazi na imeshatoka nje yake. Angekuja ilipoanza, wangetoa kizazi na pengine angepona. Sasa kilichobaki ni dawa ya maumivu.

Mutunga alitazama chini. Kalondu alikuwa anamtazama daktari.

"Na zile za usichana?" akauliza. "Kukaa miezi mitatu, minne, halafu inakuja nyingi. Hiyo pia ilikuwa ya kuja nayo?"

"Ndiyo, mama. Hiyo pia. Kuna dawa za kuzipanga."

"Ningezaa?"

Nilimwomba daktari kwa macho aseme hapana. "Pengine," akasema.

Kalondu hakulia hapo. Alilia tulipomrudisha nyumbani na akatuma mtu Ikutha kumwomba Mbinya msamaha na kuuliza kama bado anaweza kuja. Mtu akarudi na habari kwamba Mbinya ameolewa upande wa Mutha na ana mimba. Dada yangu aligeukia ukuta, akalia kutwa nzima. Nilikaa naye bila neno, kwa sababu nisingeweza kumwambia neno ambalo si uongo.

Kisha akapata wazo, na ukaidi wake ukamwinua kitandani. Alitaka kwenda kanisani kutoa ushuhuda. "Kuna Kavata, mwenzangu wa umri, siku zake zimerudi mwezi huu, ameniambia mwenyewe na anafurahi," alisema. "Na wale wasichana wa kwaya. Yuko mmoja hukaa miezi bila kuziona, na mama yake anasema ni damu nzito. Wacha niwaambie wote mara moja. Sina nguvu ya kwenda nyumba kwa nyumba."

Jumapili hiyo tulimshika, mimi upande huu na Mutunga upande ule. Wakati wa ushuhuda ulipofika akasimama, akashika benchi la mbele. Kanisa likanyamaza. Alimshukuru Mungu, akawasalimu, akasema anataka kuzungumza na akina mama kuhusu jambo lililompata. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika.

"Ilikuwa damu," akasema. "Siku zangu zilikuwa zimekwisha, halafu damu ikarudi, na sisi tukafikiri..."

Wanaume waliinamisha vichwa. Mtu akakohoa. Mama Musyoka aliinuka, uso wake umejaa machozi, na sitasema alifanya kwa ubaya. Nadhani alitaka kumstiri. Akaanzisha wimbo, na akina mama wakaupokea kwa makofi kama wanavyofanya ushuhuda ukimshinda mtu. Kalondu alingoja. Wimbo ulipoisha akafungua mdomo, nao wakaanzisha mwingine. Mdomo wake uliendelea kusema katikati ya makofi. Nilipiga kelele wanyamaze, na sauti yangu ikamezwa.

Mwishowe tukamkalisha. Baadaye, nje, akiwa ameegemea ukuta na akina mama wanapita wakimpa mkono na kumwambia Bwana yu pamoja naye, alinivuta leso.

"Nthenya, walisikia pale pa hospitali?"

Naogopa kusema uongo hata wa huruma, ndivyo nilivyoumbwa, na siku hiyo nililaani nilivyoumbwa. "Hukuwa umefika hapo," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole. "Basi Jumapili ijayo nitaanza na hospitali," alisema.

Tulimzika Ijumaa.