Mgao wa Haki

Kila mwanzo wa mwezi fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema, akajipukuta nyuzi kwenye gauni, akaenda zahanati kuchukua dawa zake za kifafa. Dawa zilikuwa mbili, nyeupe na njano. Daktari alishamweleza kwamba kwa ugonjwa wake nyeupe peke yake hupunguza tu, na njano nayo hupunguza tu, ila zikimezwa pamoja huuzuia kabisa. Na kweli, tangu aanze kuzimeza zote mbili hakuwa ameanguka tena.

Kisha dawa zikaadimika. Mtoa dawa, mtu mpole asiyependa lawama, akabuni mgao wa haki: mwenye cheti cha dawa mbili atapewa moja, ili asiwepo wa kurudi nyumbani mikono mitupu. Fundi akapewa nyeupe. Nyuma yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye cheti kama chake, akapewa njano.

"Sasa na hii moja nifanye nini?" mwalimu akauliza.

"Si haba, mwalimu. Kuna waliokosa kabisa."

Fundi alianguka akiwa na pasi mkononi, akaunguza gauni la bibi harusi. Mwalimu alianguka mbele ya darasa. Walikutana tena kwenye benchi la zahanati, kila mmoja na plasta yake usoni. Wakiwa pale fundi akasikia ile harufu ya kitambaa kinachoungua ambayo humjia kabla ya kuanguka, na mwalimu akamshika mkono asije akajigonga. Harufu ikakatika. Njano ya mwalimu ilikuwa imepita mkononi ikamfikia fundi, na nyeupe ya fundi ikaenda upande wa pili.

Walipomweleza, daktari hakuinua hata macho. "Inatokea," alisema. "Ngozi kwa ngozi, na msiachane. Mkiachana, kila mtu anabaki na ya kwake."

Basi hawakuachana. Fundi alishona ukanda wa pamba wa kuwafunga viwiko. Kibandani mwalimu alivua viatu, akaweka mguu wake juu ya mguu wa fundi kwenye pedali, akasahihisha madaftari huku cherehani ikikimbia. Asubuhi ilikuwa zamu ya fundi kusimama kando ya ubao akimeza vumbi la chaki, na wanafunzi waliwaamkia wote wawili. Mume wa mwalimu alihamia kwenye kochi, akalalamikia mgongo tu. Habari za kuoga tuziache. Waligombana pia, maana mwalimu hutembea kama anayefukuzwa na fundi hawezi kumpita mtu bila kumuuliza hali ya watoto.

Mtoa dawa alifurahi mno. Alibandika tangazo dirishani: wenye dawa mbili waje wawili wawili. Muda si muda ungemwona mchomeleaji na msusi, kiwiko kwa kiwiko, wakisubiriana kuvuka barabara.

Siku moja binti wa fundi akapiga simu kutoka mji wa mbali. "Mama, nimejifungua. Njoo umbebe mjukuu wako."

Fundi hakuwahi kumbeba binti huyo akiwa amesimama, ila mara moja tu. Mara hiyo alianguka naye, binti akiwa mchanga, na kovu lipo hadi leo kidevuni mwa binti. Tangu siku hiyo bibi yake ndiye aliyembeba, fundi akamnyonyesha akiwa amelala mkekani. Jambo hilo lilimuuma miaka yote. Mwalimu naye asingeweza kusafiri, wanafunzi wake walikuwa kwenye mtihani wa kumaliza shule. Wakaenda dirishani.

"Mwanangu, nipe zote mbili, safari hii tu," fundi alisema.

"Mama, nyinyi si mmeshatosheka?" mtoa dawa alijibu kwa upole. "Nikikupa zote, mwenzako nimpe nini?"

Nyuma yake, kwenye rafu, makopo meupe yalikuwa kando ya makopo ya njano. Fundi alilia palepale bila kujificha, na mwalimu akamfuta machozi kwa mkono uliokuwa huru.

Mwishowe binti ndiye aliyefunga safari, mtoto mgongoni. Alipofika, mwalimu alifungua ukanda ili fundi apate mikono yote miwili, akamwekea kiganja shingoni.

"Usiniachie, mwalimu."

"Siachii, Fundi. Mpokee."

Fundi akampokea mjukuu, akasimama naye. Alikwenda naye mlangoni, akarudi, akaenda tena, na mwalimu akimfuata nyuma hatua kwa hatua. Mtoto akalala. Fundi alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja maishani.

Binti akatoa simu apige picha. "Mwalimu, samahani, sogea kidogo. Nataka mama na mtoto tu."

Mwalimu akasogea, akakunja shingo, akageuza uso ukutani. Binti akapiga.

Picha hiyo imetundikwa kibandani, juu ya cherehani. Ni picha nzuri. Bibi amesimama wima, amembeba mjukuu, na shingoni kuna mkono wa mtu asiyeonekana. Wateja wanaokuja kupimwa nguo huitazama, husema mtoto amefanana na bibi yake. Kuhusu mkono hawaulizi. Wengi wana picha kama hiyo nyumbani kwao.