Kiwango cha Mwanzo

Mfuniko wa sufuria ulitetemeka gizani, tik tik tik, uji ukianza kuchemka. Wegesa akapunguza moto, mwanawe Brian asiamke. Leo alikuwa na safari mbili: Mwisenge kuchukua barua ya chuo ya kuonyesha kiwango chake cha Kiingereza, kisha Bunda, kwenye chekechea moja ya kata ya Kabasa iliyokuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza.

Chuo kilikuwa kimefungwa jana, moja kwa moja. Wageni walitoka ng'ambo, wakalipa dola wafundishwe ualimu wa Kiingereza, na wenyeji wakakaa madawatini bure ili wageni wapate wa kujifunzia kazi. Biashara yote ilisimama juu ya mwenyeji asiyejua. Aliyeanza kujua alipewa asante na soda, akampisha mwingine.

Wegesa aliliona hilo mapema. Miaka miwili, kila jioni, alimwacha Brian kwa jirani, Mama Ghati, akaenda darasani. Na kila mtihani alikosea makusudi. London aliiandika Rondon, vile bibi yake wa Butiama angeitamka. Wageni wakamrekebisha kwa furaha, naye akabaki.

Siku hizi wageni wanajifunzia kwao, kwenye kompyuta, kwa bei ya chee. Mwaka huu walikuja watatu, na ada yao haikutosha hata pango.

Huko Mwisenge, Clementi, msimamizi wa chuo, alimpa barua. Wegesa aliisoma amesimama: kiwango cha mwanzo.

"Kaka Clementi, hii siyo yangu."

"Yako, dada. Mitihani minne, kosa lile lile. Tulikuwaga tunakuita Mama Rondon, hujui?" Akacheka.

Wegesa akaanza kumweleza kisa chote kwa Kiingereza, taratibu, tangu mwanzo, bila kujikwaa. Kicheko kikamkauka Clementi mdomoni.

"Kumbe unajua!"

"Ningeonyesha, mngenitoa."

"Tungekutoa, kweli." Alikwepa macho yake. "Lakini mwenye chuo ameshaondoka na mhuri. Na wale wageni walipewa vyeti kwa kukufundisha wewe. Nikiandika kwamba ulikuwa unajua, vyeti vyao vitakuwa nini?"

Wegesa alipanda gari la Bunda na barua hiyo hiyo. Mwalimu mkuu wa chekechea, Mama Judith, alimsikiliza akisoma hadithi ya watoto, akatabasamu. Halafu akafungua barua.

"Mdogo wangu, masikio yangu yamekukubali. Ila wazazi wanalipa ada, wataomba karatasi. Tafuta mtihani mahali pengine, uje mwakani."

"Nitakuja," alisema Wegesa, na alimaanisha. Alilia kwenye gari, uso kwenye kioo, mpaka Musoma.

Alipofika mtaani kwao, Kamunyonge, alimchukua Brian kwa Mama Ghati, wakakaa mlangoni kwao. Ikafika saa kumi na moja, saa yake ya kutoka kwenda darasani. Hakuinuka. Mtoto alimtazama, akatazama njia, akamtazama tena. Ghafla akaruka, akapaza sauti kwa furaha hadi kwa jirani:

"Mama Ghati, leo mama yangu hatoki!"