Hongera Aliyoituma Wifi

Fundi wa sare hakuwa mtu wa papara, na hilo lilimkera wifi yake kupita kiasi. Karakana ilikuwa na cherehani nne na kazi ya cherehani moja. Hospitali ya mtaa wa pili ilikuwa inabadilisha sare za wauguzi; akiikosa tenda hiyo, basi, anafunga mlango na kurudi kuwashonea wengine kwa kibarua. Na wa kuchagua fundi alikuwa matroni, mama mkali aliyependa kuandika kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu kapiga picha na tai.

"Mtumie bei," wifi alisema.

"Bado hatujajuana."

"Kwani unamposa?"

Fundi akacheka, akaendelea na lake. Matroni akiandika kuhusu zamu za wauguzi, fundi anasoma hadi mwisho, anauliza swali. Akilalamika kwamba mikasi inachana mifuko ya sare, anamweleza sababu, bure kabisa. Wakazoeana hadi wakaanza kutaniana. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, ati.

Lakini pupa yenyewe ilikuwa humo humo ndani. Siku moja fundi alitoka kutafuta vitambaa, simu kaiacha kwenye chaji. Matroni akaandika kwamba kesho anapasuliwa bega, akaomba dua za watu. Wifi aliona jina tu, kusoma hakusoma; akadhani kapandishwa cheo. Akabandika pale pale, mbele ya kadamnasi: "Hongera sana! Endelea kupaa! Tunashona sare kali kwa bei poa, karibu!"

Fundi alirudi, akayaona. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Si ufute tu?" wifi alinong'ona.

"Ameshaona, wifi. Wameshaona wote."

Alifuta, ndiyo, lakini hakunyamaza kama mwizi. Alimwandikia matroni kwamba maneno yale yametoka kwenye simu yake, wifi yake hakusoma, anaomba radhi, na habari za sare waziache. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua kweli: mkono ukifungwa shingoni, blauzi utaivaaje?

"Sijui," matroni alijibu.

Jioni hiyo fundi akashona blauzi inayofunguka begani kwa vifungo vya kubana. Wifi alipotaka kuchomeka kadi ya biashara mfukoni, alikatwa jicho.

"Hii ni ya mgonjwa," fundi alisema, akaipeleka hospitali usiku huo huo.

Wiki zikapita kimya. Wifi akaanza kupanga vitambaa kwenye maboksi. Fundi alihuzunika, ila kujuta hakujuta.

Asubuhi moja matroni akaingia mwenyewe, mkono bado shingoni, blauzi ile mwilini. Wifi akajibanza nyuma ya maboksi yake.

"Siku ile walionipa pole hawahesabiki," matroni alisema. "Wewe peke yako uliuliza nitavaaje. Twende ukawapime wauguzi wangu."

Machozi yalimlengalenga fundi. Akachukua tepu ya kupimia, wakatoka.