Tumbo Lisilo na Kovu

Ting! Kengele ililia, kisha ikafuata sauti ya mwanamke asiyekuwepo, sauti ya mashine, ikitaja namba ya mtu mwingine. Injinia hakufumbua macho. Alikuwa amejikunja kwenye kiti cha plastiki, magoti kifuani, na kila kengele ile ilipolia, maumivu ya upande wa kulia wa tumbo yaliitika kana kwamba ndiyo yaliyoitwa.

Jina la Injinia alipewa na mama yake siku alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, kabla hata hajauona mlango wa chuo. Mtaa mzima ukalidaka. Sasa huku ugenini Injinia huyo alikuwa na koti la mtumba, lugha ya kuokoteza, na kadi ya bima aliyoibana kiganjani mpaka ikamwachia alama.

"Kijana, namba yako hiyo," bibi aliyeketi jirani alimgusa bega. "Nenda, watakuruka."

Akaenda ameinama, kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu na mikono ya baridi. Alibonyeza tumbo taratibu, akaachia ghafla. Injinia nusura aruke kitandani.

"Ndicho chenyewe," daktari alisema, karibu kwa furaha. "Kidole tumbo. Tunakitoa leo leo, hakingoji hiki."

Akageukia kompyuta. Vidole vyake vilicheza, vikasita, vikasimama.

"Mbona ulishatolewa kidole tumbo? Hapa hapa kwetu. Msimu wa baridi uliopita."

Injinia alitazama dari.

Msimu ule wa baridi aliyepasuliwa alikuwa Mwalimu, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Mwalimu alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi, kisha akawaacha mke na mtoto aje kuongeza elimu. Kibali chake cha kuishi kiliisha muda kikiwa mezani kwa maofisa wenyewe. Uhamiaji wakasema kibali kipya hakitoki bila bima. Bima wakasema hawamwandikishi mtu asiye na kibali. "Wananipiga danadana," Mwalimu alikuwa akicheka jikoni, "na mpira wenyewe umeanza kutoboka." Siku tumbo lilipomwangusha, Injinia alimtilia kadi yake mfukoni. Wanafunzi wa kutoka nyumbani walichangia sufuria, walichangia makoti; kadi nayo ilikuwa koti.

"Na picha je?" Mwalimu aliuliza huku akitoka jasho.

"Nani ataitazama? Kwao sisi sote sura moja."

Injinia alikuwa mfupi mwenye nywele tele. Mwalimu alikuwa mrefu, mwenye upara unaomeremeta, na umri wa kuweza kuwa mjomba wake. Hakuna aliyeitazama picha. Wakacheka jikoni miezi kadhaa.

"Kovu liko wapi?" daktari aliuliza sasa, akilifunua shati tena.

"Halipo, daktari. Unaona mwenyewe."

"Naona." Alilitazama tumbo, akaitazama kompyuta, akalitazama tumbo tena. "Lakini kumpasua mtu lazima bima iidhinishe, na haiwezi kuidhinisha kutoa kitu ilichokwisha kulipia kitolewe. Nikikuingiza hivi hivi, mkuu wangu atanila mzima. Nenda dirisha la kumbukumbu warekebishe jalada. Wakimaliza tu, nakupasua."

Akampa kidonge cha kutuliza maumivu na kikombe cha maji. Kwa hilo hapakuhitajika idhini.

Dirisha la kumbukumbu lilikuwa mwisho wa ukumbi ule ule. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Jalada linasema ulipasuliwa," alisema.

"Sikupasuliwa, mama."

"Picha ilihakikiwa. Hii hapa, sahihi ya aliyehakiki."

"Basi aliyehakiki hakutazama."

"Angalia maneno yako, kijana." Karani alivuta kiti karibu. "Kama si wewe, kuna mtu alitibiwa kwa kadi yako. Nitajie jina lake. Nikiliandika hapa, jalada lako linafunguka, unarudi kwa daktari. Kazi ya dakika."

"Na hilo jina linakwenda wapi?"

"Bima."

"Kisha?"

"Bima wanajuana na uhamiaji. Hayo mimi na wewe hayatuhusu."

"Na nisipolitaja?"

"Basi kidole tumbo huna." Alilisema bila ubaya wowote, kama muuza duka anayemwambia mteja kwamba mkate umekwisha.

"Sasa hiki kinachoniuma ni nini?"

"Hilo ni swali la daktari. Fikiria, lakini usikawie. Nafunga dirisha kabla ya zamu ya jioni."

Mwalimu, aliyepigiwa simu na Injinia, alifika akihema, blanketi la kitandani kwapani, shanga za mvua uparani. Alimkuta Injinia ameegemea ukuta karibu na dirisha lile. Injinia alimweleza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, ingawa hakuna ambaye angeielewa.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Akalikunjua blanketi, akalikunja tena.

"Nitaje," alisema. "Nenda kanitaje sasa hivi."

"Ukamatwe?"

"Wanirudishe. Kwani kwetu hapakaliki?" Alijaribu kucheka. "Nimebakiza kuitetea tasnifu tu. Wiki ijayo. Lakini wewe nitaje."

"Hiyo 'lakini' yako ina miguu ya kutetemeka, Mwalimu."

"Usinifanyie mzaha, mdogo wangu."

"Mkeo atanitafuna. Miaka yote hii anakungoja, halafu urudi mikono mitupu na pingu juu?"

Mwalimu alilitazama dirisha. Karani alikuwa akipanga kalamu zake, akizifunika moja moja. Injinia alijinyanyua ukutani, akavuta pumzi ya kupiga hatua. Akasita. Akaweka mkono tumboni. Akabonyeza, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu.

"Mwalimu! Imeacha."

"Nini imeacha?"

"Kuuma! Wallahi, haiumi tena. Kidonge kile kimefanya kazi." Alinyooka wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso umelowa jasho, meno yote nje. "Kumbe nilikuwa nahangaika bure. Twende zetu nyumbani."

"Imeacha polepole au ghafla?"

"Ghafla. Kama mtu kazima taa."

Blanketi lilimponyoka Mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa kwake pia. Ilimkatikia ghafla akiwa kwenye ngazi za hospitali hii hii, akaketi pale akacheka kwa raha, na baadaye daktari aliyemshona alimwambia kwamba wakati ule akicheka kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka, usaha ukimmwagikia tumboni, na angekawia kidogo tu wangemrudisha kwao ndani ya sanduku.

Alifungua kinywa. Nyuma ya kioo, karani alisimama, akashika kamba ya pazia. Kinywa cha Mwalimu kilibaki wazi, midomo ikicheza, bila sauti.

Injinia aliuona uso ule, akadhani ameuelewa. Aliinama bila shida, akaokota blanketi, akamtupia mwenzake begani.

"Usiogope, kaka," alisema. "Sikutaji. Si leo, si kesho. Nakuahidi."