Mikanda ya Rali ndani ya Pijo ya Luteni

Mwaka ule wa 1974 gari la mwanajeshi halikuletwa kwa fundi, lilimwangukia. Ndivyo Pijo nyeupe ya Luteni Andama ilivyomwangukia Zubeiri Jumatano asubuhi, katika gereji yake nyuma ya soko la Arua, akiwa amelala chini ya pikapu ya padri. Aliona buti kwanza. Akabaki palepale kidogo, maana mtu aliye chini ya gari bado hajaulizwa kitu.

"Fundi. Toka."

Akatoka. Luteni alikuwa mnene wa shingo, mpole wa sauti, na upole ule ndio Zubeiri hakuupenda. Wenye kelele unajua wamefika wapi. Mtu huyu alizaliwa Bombo, alihamishiwa Arua miezi sita iliyopita, na mara tatu alishamwambia Zubeiri, bila kuulizwa, kwamba kabla ya hapo hakuwahi kushika zamu upande huu. Zubeiri aliyahifadhi maneno hayo. Yeye alikuwa mtu wa kuhifadhi.

Luteni akatupa kwenye meza ya vyuma furushi la mikanda myekundu, kila mmoja mpana kama kiganja. Miwili ya mabega, miwili ya kiuno, yote minne ikikutana tumboni kwenye kifungo kimoja cha chuma. Ilikuwa mikanda ya rali. Ilitoka katika gari la mashindano la Mhindi mmoja wa Kampala. Mwenyewe alifukuzwa akaondoka na sanduku moja, gari likabaki kwa wenye bunduki.

"Weka hii kwa kiti ya mbele. Upande ya abiria."

"Na ya dereva, Afande?"

"Mimi nimeomba ya dereva?"

Zubeiri akafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Mtu anayeogopa ajali hujifunga mwenyewe kwanza. Anayemfunga mwenzake tu, haogopi ajali.

"Afande, hii ni ya mashindano. Barabarani sijui kama sheria inakubali. Trafiki wanaweza kukusumbua."

Luteni akacheka kidogo. Akamwita Koplo Adrabo wa trafiki, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akila muhogo kwa Candiru, mama wa chakula. Adrabo alikuja mbio, shavu limejaa.

"Koplo, mikanda kama hii sheria inakataza?"

Adrabo akaitazama mikanda, kisha akamtazama Luteni, na huko ndiko alikokawia zaidi. "Afande, kitabu yangu inasema breki, taa, honi. Mikanda hii kitabu haijaiona. Sasa kitu ambacho kitabu haijaiona... Afande mwenyewe anaionaje?"

"Mimi naona ni sawa."

"Basi ni sawa, Afande. Ni sawa kabisa."

Akarudi kwenye muhogo wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu miaka ile, na wapo leo wanaosema haikuwa mbaya hivyo. Walikuwa wakila kwa nani, hao?

Zubeiri akajaribu mlango wa pili wa kuikwepa kazi ile, na huu ulikuwa wa kweli. Alieleza kwamba katika gari la rali kuna bomba la chuma nyuma ya kiti, na mikanda ya mabega hufungwa pale, sawa na bega. Pijo haina bomba. Ikifungwa chini sakafuni, siku gari likigonga, mikanda itayavuta mabega kwenda chini na uti wa mgongo utapondeka. Tena sakafu ni bati. Lazima chini yake kuwe na mabamba ya chuma kinene, la sivyo boliti zitachomoka.

"Weka sakafuni. Kesho saa mbili naenda Koboko. Nataka akikaa pale asisogee hata kidogo."

"Nani huyo, Afande?"

"Wewe iko na maswali mingi kuliko polisi," alisema Luteni kwa upole uleule, na akaenda zake.

Zubeiri akakaa juu ya tairi. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari, na watu wa kusini walipenda kumwambia kwamba serikali hii ni yenu, nyie wa West Nile. Yetu nani? Miaka miwili nyuma kaka yake Asuman, dereva wa lori, alitoka Arua na shehena ya tumbaku, hakurudi. Lori halikuonekana tena hadi leo. Asuman alionekana siku ya nne, kando ya mto Enyau, mikono imefungwa nyuma kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Zubeiri aliutambua ukanda ule kabla hajautambua mwili. Yeye ndiye aliyezikata tyubu mbovu kuwa kanda za kufungia mizigo ya baisikeli, na kila ukanda aliukata pembeni kwa mshazari, kwa sababu mkasi wake ulikuwa na pengo. Wanajeshi walikuwa wakija kuzichukua kwa mafungu. Tangu siku ile alizichoma tyubu zote, akaapa hatatengeneza tena kitu cha kumfungia mtu.

Mchana alipita Kasereka, mfanyabiashara wa kahawa kutoka upande wa Kongo, ambaye kila wiki alivuka mpaka pale Vurra na kunywa chai gerejini. Alitoa habari kabla ya kukaa.

"Ndugu, kesho niko na bahati. Luteni Andama ameniambia atanipeleka Koboko na gari yake. Kule iko mutu mwenye gunia mia moja."

Zubeiri akaweka spana chini. "Alikwambia utakaa wapi?"

"Kwa gari, ndugu. Mimi nitakaa wapi, juu ya paa?"

"Kasereka, nenda nyumbani. Leo hii. Sema una homa."

"Homa? Mimi niko mzima."

"Basi ugua. Tazama kiti kile cha mbele, tazama mikanda ile, halafu uniambie kama hujaanza kusikia baridi."

Kasereka akatazama. Chai hakuimaliza.

Lakini angekataa mmoja, Luteni angempata mwingine. Kiti hakikosi mtu. Kukataa kazi hakuwezekani, na kuifanya vizuri hakuwezekani pia. Jioni Zubeiri alichukua debe tupu la mafuta ya kupikia, akakata vipande vinne kama sahani ndogo, akavipaka lami nyeusi, akavifunga chini ya sakafu pale ambapo mabamba ya chuma yangekaa. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Kwa nguvu, mtu mzima, hata mikono ikiwa imefungwa, akijitupa mbele kwa hasira mara mbili, boliti zingepasua debe na bati kwa pamoja, na mabega yake yangekuwa huru, na mlango uko pale. Alilala usingizi wa mtu aliyelipa sehemu ya deni la marehemu.

Alhamisi saa mbili Luteni alikuja kwa miguu, na nyuma yake, polepole, mkono kiunoni, mwanamke mwenye tumbo la miezi minane.

"Salaam aleikum, fundi," alisema mwanamke. Alikuwa Hawah, mke wa Luteni. Kutoka kwenye nywele hadi nyusi alikuwa na kovu refu.

"Huyu Mkongomani wako hakuonekana," alisema Luteni. "Nilimwekea nafasi ya nyuma. Anaumwa ghafla. Nani amemwambia aumwe?"

Zubeiri hakusikia vizuri. Alikuwa akimtazama Hawah anavyokisogelea kile kiti.

"Usishangae kovu langu," Hawah alisema, akidhani ndilo linalotazamwa. "Mwaka jana njia ya Karuma tuligonga mti. Mimi nilitoka kwa kioo. Mtoto alikuwa wa miezi sita tumboni, hakukaa. Sasa huyu bwana aliona rali Kampala, gari limepinduka mara tatu na dereva anatoka anajikung'uta vumbi. Tangu hapo hana neno lingine, mikanda, mikanda. Nami naenda kujifungua kwa mama yangu Koboko, nimechoka kubishana."

Akaweka mkono kwenye mlango.

"Ngoja," alisema Zubeiri. "Fundi hajaonja."

Hiyo ilikuwa desturi ya magereji ya Arua, na wote watatu waliijua. Gari likitoka mkononi mwa fundi, fundi hukaa ndani kwanza, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Breki ukifunga wewe, wewe ndiye wa kwanza kuteremka nazo mlimani.

Luteni akamgeukia taratibu. "Jana hukutaka hata kuigusa mikanda hii. Leo unataka kukaa kwa gari yangu."

"Ni desturi, Afande."

"Jana hukusema desturi."

"Mwache aonje," alisema Hawah, akaenda kukaa kwa Candiru. "Bora aanze yeye kuliko mimi."

Zubeiri akajifunga. Mabega, kiuno, kifungo. Hakuna mtu Arua aliyejua vizuri kuliko yeye amekalia nini. Walitoka hadi pale barabara ya Koboko inaponyooka, Luteni akakanyaga mafuta hadi maili arobaini, kisha akakanyaga breki kwa miguu miwili.

Debe lilipasuka kwa sauti ya debe. Zubeiri alikwenda mbele na mikanda yake yote, uso ukakutana na dashibodi, akasikia meno mawili yakihama. Gari likanyamaza. Damu ikamwagika juu ya mikanda, na kwa kuwa ilikuwa myekundu haikuonekana.

"Kazi mbaya," alisema kwa mdomo uliojaa. "Nitairudia."

Luteni akafungua mlango. Alishuka, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya gari, akatoka na kipande cha bati kilichochanika. Akakwangua lami kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nusu ya picha ya alizeti, ile ya kwenye madebe ya mafuta. Akamwinulia Zubeiri akione.

"Hii uliweka kwa ajili ya nani?"

Uongo wote ambao Zubeiri angeweza kuutumia ulikuwa umetoka pamoja na meno. "Kwa mtu niliyedhani unakwenda kumfunga."

"Nani alikwambia mimi nafunga watu?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndugu yangu alifungwa. Asuman."

"Asuman." Luteni alikuwa bado anaitazama ile alizeti, na akili yake ilikuwa kwa Hawah na kioo cha Karuma, na neno likamtoka kama linavyomtoka mtu anayewaza jingine: "Yule wa Bedford ya kijani."

Zubeiri akayahesabu maneno yake mwenyewe. Hakuwa ametaja lori la Asuman. Hakuwa ametaja rangi yake. Miezi sita, alisema mtu huyu; hakuwahi kushika zamu upande huu, alisema, mara tatu, bila kuulizwa.

Luteni naye akasikia alichokisema. Alikitia kile kipande mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Rudi ukatengeneze. Tengeneza kama ya mama yako. Nikirudi kutoka Koboko kesho, tutazungumza, mimi na wewe."

Zubeiri alifanya kazi hadi saa saba, kitambaa mdomoni. Alitoa bomba la chuma katika kitanda cha lori bovu, akalichomelea kutoka nguzo ya mlango mmoja hadi mwingine, nyuma ya kiti, na mikanda ya mabega akaifunga pale, sawa na bega, isivute chini. Ya kiuno akaiwekea mabamba aliyoyakata kwenye spring ya lori, manene kama kidole. Kwa dakika moja tu, akiwa chini ya gari, aliufikiria upande wa dereva, ambao hakuna aliyemwomba auguse, na mpira wa breki uliokuwa karibu na mkono wake. Akautazama. Akayarudisha macho kwenye boliti. Gari ni moja, na Hawah angekuwa ndani yake.

Alimkalisha Hawah yeye mwenyewe, Luteni akiwa amesimama nyuma yake, karibu mno.

"Dada, huu wa kiuno ukae chini ya tumbo, kwenye mifupa, usipande juu ya mtoto. Na kwenye rodibloki, askari wakisema shukeni, usihangaike na mabega. Shika hapa, vuta mara moja, yote minne inaachia. Jaribu."

Hawah alivuta. Ikaachia.

"Tena."

Akavuta tena, kisha akamtazama mdomo. "Fundi, umeumia kwa ajili yangu. Mungu akulipe."

"Amin, dada."

Alisimama hadi Pijo ilipopotea upande wa Koboko. Kisha akazifunga spana zake kwenye gunia, zile nzuri tu, akamwachia Candiru ufunguo wa gereji na kumwambia kwamba pikapu ya padri inahitaji klachi. Candiru hakuuliza anakwenda wapi. Miaka ile swali lilikuwa mzigo, na yeye alikuwa na sufuria za kubeba.

Saa kumi na moja jioni alikuwa Vurra, mpakani. Wa forodha walimjua, fundi wa magari anakwenda kwenye lori lililokwama, kila wiki kuna lori limekwama. Kasereka alimkuta upande wa pili, akatazama mdomo, akatazama gunia.

"Ni ile mikanda?"

"Mikanda haikuwa na kosa."

"Basi unakimbia nini, ndugu?"

Zubeiri akatema damu, akasawazisha gunia begani. "Bedford ya kijani," alisema, na ilibidi amweleze Kasereka tangu mwanzo, tangu tyubu, wakitembea kuelekea Aru, ndani ya Kongo.