Meno Kwenye Mashapo

Mama mkwe hakuwahi kumsamehe mkwewe kwa kazi yake. Kila mgeni alielezwa yale yale: "Binti yangu kaolewa na mtaalamu wa mashapo. Haya haya tunayomwaga chai ikiisha." Mkwe alikuwa akicheka pamoja nao, lakini moyoni iliuma.

Siku moja mama akaenda kujionea. Kutoka juu ya daraja la mbao, pale mto unapoingia baharini, alimwona mkwe chini, amezama matopeni hadi magotini, akilisukuma bomba ardhini kwa kulikalia, ili lijae mashapo ya mto, yaani tope na mchanga, akayapime. Mama akaangua kicheko. Meno yake ya bandia yakachomoka, yakapiga mbizi, tope likayameza. Na Jumamosi ilikuwa harusi ya bintiye mdogo, ambako yeye ndiye angehutubia.

"Hiendi haruhi," alisema jioni, akimaanisha siendi. "Na koha ni la mahapo yako."

Mkwe hakulala. Maji yakijaa, alimweleza mkewe, huingiza vitu mtoni. Yakipwa huvitoa, ila si vyote. Vingi huachwa kwenye fungu la mchanga penye kona ya mto. "Meno yapo konani," alisema bila wasiwasi wowote. Akaichimba kona na kupata kandambili, bakuli lililotoboka na miwani ya mtu mwingine.

Kisha dhoruba ikapiga. Mawimbi yakalinyoa fungu lote la konani, na kulipokucha halikuwepo. Mchanga wake ulikuwa umehamia chini ya daraja.

"Sasa?" mkewe aliuliza.

"Sasa sijui, mke wangu."

Kwa kukosa la kufanya, akafanya kazi. Alisukuma bomba pale pale chini ya daraja, akaenda kulipasua juu ya meza ya maabara. Juu palikuwa na mchanga mnene wa dhoruba; chini yake tope la kila siku, utando juu ya utando, jinsi maji yalivyoliacha. Katikati ya hivyo viwili, meno yakimchekea. Hayakuwa yamekwenda popote. Mtaalamu mzima alisahau kwamba meno ni mazito.

Alifurahi mno, tena kwa sababu mbaya. "Yamekaa mpakani kabisa," alimwambia mkewe kwenye simu. "Yanaonyesha dhoruba ilipoanzia. Ningeyaacha humo humo, niyabandike lebo..."

"Mume wangu," mke alisema taratibu, "lete meno ya mama."

Jumamosi, ukumbini kwenye harusi, mama alisimama, akamwita mkwe mbele ya watu wote. Mkwe aliijua hiyo hotuba, akaenda akijiandaa kucheka pamoja nao.

"Huyu," mama akasema, "ni mtaalamu wa mashapo." Ile sh ilitoka safi kabisa. Watu wakaanza kucheka. "Msicheke. Kazi yake hii hapa." Akaukenulia ukumbi mzima, kisha akamwinamia mkwe sikioni. "Ila, baba, bado yana mchanga."

"Huo ni wa dhoruba, mama," alijibu, na machozi yakamtoka.