Pilipili Manga Ndani ya Rejeta

Miaka minne wifi yangu hakukanyaga nyumbani kwangu, na sababu ni pilipili manga. Huwa naichambua mwenyewe punje kwa punje, naikaanga kidogo bila mafuta, naisaga, naitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko cha bluu. Mwaka ule wifi alikuja kukaa kwetu miezi miwili, na kopo likawa linashuka kama ndoo iliyotoboka. Siku anaondoka nilimwambia mezani, mbele ya watoto na wajukuu, "Wifi, beba na kopo kabisa, usijisumbue kuiba."

Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, alikuwa anakunywa chai. Hakuinua macho. Wifi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akachukua begi lake. Tangu siku ile pilipili haikupungua tena ovyo. Nikasema moyoni, nataka ushahidi gani mwingine?

Sasa juzi gari letu lilichemka njiani. Wajukuu wanaliita Bi Harusi kwa weupe wake, ingawa limempita umri mjukuu wangu wa kwanza. Mvuke ulitoka kwenye boneti kama sufuria, likavutwa kwa kamba mpaka gereji. Kesho yake tukaitwa, mimi na mzee wangu.

Fundi ni mtu mwembamba, wanamwita Spana. Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa sana nyumbani. Sema."

"Rejeta imeziba, haipitishi maji. Pampu ya maji nayo imekufa. Injini ikachemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua, na hedi yenyewe imepinda." Akataja bei.

Nikakaa. Palikuwa na tairi bovu, nikalikalia hilo hilo na kanga yangu safi. Bei ile ilikaribia ya gari zima, na ndiyo fedha yote niliyoiweka kwa ajili ya bati jipya la jikoni.

"Fundi, hujazidisha sifuri kweli?"

"Zote zina kazi, mama."

Mzee wangu akakohoa. "Tuliuze chuma chakavu tu. Twende zetu."

Nikamgeukia. Mtu anayemwosha Bi Harusi kila Jumamosi kwa sabuni ya kuogea, leo anamtupa bila hata kubishania bei?

"Imeziba kwa nini?" nikauliza.

"Hata mimi nilitaka kujua," alisema Spana. Akaiweka rejeta mezani, akaufungua mfuniko wa juu kwa patasi, akaugeuza. Likashuka tope jeusi, zito, lenye chengachenga. Harufu ikanipanda puani, nikapiga chafya tatu mfululizo. Nikatia kidole, nikasaga kwa gumba.

Pilipili manga.

"Miaka ishirini niko gereji," alisema Spana, "rejeta yenye viungo ndiyo naiona leo."

Mume wangu alikuwa amevua kofia, anaichungulia ndani kama kuna barua.

"Baba watoto!"

"Ilikuwa inavuja," alisema. "Dereva wa lori akaniambia ukitia pilipili manga tundu linaziba. Na kweli liliziba."

"Liliziba, mzee," Spana akasema. "Na kila kitu kingine."

"Na wifi alipoondoka, mbona kopo halikushuka tena?"

"Nikawa nanunua yangu. Dukani."

Bei niliisahau kabisa. Nilichukua simu, nikampigia wifi.

"Wifi," nilisema, "mwizi wa pilipili amepatikana."

Nikasikia kuku wake wanalia.

"Ndiyo kwanza leo? Mimi nilimkuta wiki ya kwanza tu, boneti juu, kopo mkononi."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilimsubiri aseme mwenyewe. Na wewe, wifi, uliniuliza? Ulinipa kopo."

Mimi ninayechambua punje kwa punje, swali moja lilinishinda.

"Tunakuja kwako leo," nikasema. "Kwa basi. Aanze yeye, nimalizie mimi."

"Njooni," alisema. "Ila siku hizi chai yangu haina pilipili."

Nikamwambia Spana atengeneze kila kitu.

"Na bati la jikoni?" mzee wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Mvua ikinyesha, wewe ndiye utashika beseni."

Njia nzima ya kwenda stendi alikuwa anatembea nyuma yangu. Basi lilipokuja akanishika kiwiko.

"Mama watoto, nikifika nianze na salamu au na rejeta?"

"Anza na kopo," nikamwambia.